Kazi ya Pili ya Mkongo

Mwaka 1964 mkongo wa simu ulitandazwa chini ya Pasifiki kutoka San Luis Obispo, pwani ya California, hadi Makaha, upande wa magharibi wa kisiwa cha Oahu huko Hawaii. Ulipewa jina la HAW-2. Ukiukata na kuutazama nchani, katikati kabisa unakuta msokoto wa nyuzi za chuma kigumu, ndio uti wa mgongo wake. Chuma hicho kimevikwa shaba. Juu ya shaba kuna polithini nene, kisha tabaka jingine la shaba, kisha ganda jeusi la plastiki, basi. Unene wote ni sentimita tatu na ushei, mtu anaufumbata kwa kiganja kimoja. Karibu na pwani, penye nanga na nyavu, mkongo huvishwa deraya ya chuma kwa nje. Kilindini hauhitaji deraya, maana huko hakuna wa kuugusa.

Kila baada ya kilomita 37 hivi uliunganishwa na ripita, chombo cha kuipa sauti nguvu mpya ili isififie njiani. Ndani ya ripita mlikuwa na valvu, za ukoo mmoja na zile zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za mbao za babu zetu. Tofauti ni kwamba valvu hizi zilichaguliwa moja moja na kujaribiwa kwa muda mrefu kabla ya kufungiwa, kwa sababu hakuna fundi wa kwenda kubadilisha valvu kwenye kina cha kilomita tano. Kazi yote hiyo ilifanywa ili mazungumzo mia moja na kitu yaweze kuvuka bahari kwa wakati mmoja. Kwa kipimo cha leo ni kidogo mno. Kwa wale waliokuwa na ndugu ng'ambo ya bahari, na ambao kabla ya zama za mikongo ya simu walitegemea redio iliyokatikakatika kwa hali ya hewa, haikuwa kidogo hata kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja mikongo ya nyuzi za kioo. Atlantiki ilipata wa kwanza mwaka 1988, Hawaii ikaupata wake mwaka uliofuata. Mikongo ya shaba, mingi ikiwa bado mizima, ikageuka mzigo kwenye hesabu za makampuni. Hapo ndipo linapoanza jambo ambalo nadhani halijapewa uzito unaostahili, hasa na sisi tunaoishi kando ya Bahari ya Hindi. Mkongo ukiacha kupitisha simu haujaacha kuwa njia. Umebaki na uwezo wa kufikisha umeme mahali ambapo jua halijawahi kufika, na uwezo wa kurudisha habari kutoka huko papo hapo. Njia ya namna hiyo ni ghali mno kuijenga kwa ajili ya sayansi peke yake. Ikishajengwa kwa ajili ya biashara, kisha biashara ikaondoka, kuiacha ife ni hasara ambayo haionekani kwenye daftari lolote.

Mapema mwaka 1990 wanasayansi walikutana Honolulu kulizungumza jambo hili. Waliobobea katika matetemeko ya ardhi ndio waliokuwa na haja kubwa zaidi, na haja yao ni rahisi kuielewa. Vipima tetemeko vya dunia vimekaa nchi kavu na kwenye visiwa, ilhali zaidi ya theluthi mbili ya uso wa dunia ni maji. Kati ya California na Hawaii hakuna hata kisiwa kimoja. Mawimbi ya tetemeko yanayopita chini ya eneo hilo yalikuwa yakipita bila shahidi.

Kampuni ya AT&T ilikubali kuutoa HAW-2. Septemba 1998 meli ya utafiti ilisafiri hadi karibu nusu ya njia kati ya Hawaii na California, ikateremsha kulabu ya kukokota kwenye kina cha mita 5,000, ikaunasa mkongo ule. Mabaharia waliukata, wakaipandisha ncha inayokwenda Hawaii juu ya sitaha, wakaifunga kwenye fremu ya chuma na kuirudisha chini. Kisha roboti aitwaye Jason, anayeongozwa kutoka melini, akashuka kuunganisha kisanduku cha viunganishi na kukifukia kipima tetemeko ndani ya matope ya sakafu. Kituo kikaitwa Hawaii-2 Observatory, kwa kifupi H2O. Kuanzia hapo, tetemeko lilipotokea popote duniani, mtikisiko wake chini ya Pasifiki ulifika Makaha saa ileile, kupitia waya ambao miaka thelathini iliyotangulia ulikuwa ukipitisha salamu za sikukuu na habari za misiba.

Kituo kilinyamaza mwaka 2003. Wapo wanaoitaja miaka ile mitano kama ushahidi kwamba kutumia vitu vikuukuu hakulipi. Sikubaliani nao. Kabla ya hapo mahali pale hapakuwa na hata siku moja ya kumbukumbu za namna ile. Isitoshe, kilichoshindwa mwisho wa safari kilikuwa vifaa vipya vilivyofungwa nchani, mkongo wenyewe ulikuwa umetimiza karibu miaka arobaini.

Wajapani walikuwa wamewatangulia. Mkongo wa TPC-1, uliofunguliwa mwaka 1964 kuiunganisha Japani na Marekani kupitia Guam, ulistaafu mwaka 1990, na Januari 1997 watafiti wa Japani wakapachika kipima tetemeko kwenye sehemu yake iliyo kusini mwa Tokyo. Kwa nchi inayoishi na matetemeko kila wiki, hapakuwa na haja ya kubishana sana.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la umeme, kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu kilindini. Chombo kinachotegemea betri kina umri uliopimwa tangu kinapotoka bandarini. Kitakaa mwaka, labda miwili, kisha meli irudi kukiokota. Meli ya utafiti hutumia maelfu ya dola kwa siku, na mara nyingi mtu hungoja mwaka mzima ndipo ajue kama chombo chake kilirekodi kitu au kiliharibika siku ya pili. Mkongo unaondoa mashaka hayo yote. Kituo cha pwani kinasukuma umeme ndani ya shaba, nao hurudi kupitia bahari yenyewe. Ndiyo, bahari ndiyo waya wa pili. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo wahandisi wa zamani waliona hakuna sababu ya kutandaza waya mwingine maelfu ya kilomita wakati Mungu ameshauweka pembeni mwa ule wa kwanza.

Tabia hiyo ya maji ya chumvi ina jambo jingine la ajabu zaidi. Dunia ni sumaku. Maji yenye chumvi yanapokwenda yakikatiza nguvu ya sumaku ya dunia, umeme mdogo huzaliwa ndani yake. Mkongo uliolala kukingama na mkondo wa bahari unaweza kuuhisi umeme huo bila kufungwa chombo chochote kilindini. Unachohitaji ni kupima volti kutoka pwani. Michael Faraday aliliona hilo kabla ya mkongo wowote kuwapo. Januari 1832 alitandaza waya wa shaba, urefu wake mita zipatazo 290, kwenye Daraja la Waterloo jijini London, akazamisha mabamba kwenye maji ya Mto Thames na kuangalia sindano ya kipimo chake. Jaribio halikufaulu. Kemia ya mabamba yenyewe ilitoa umeme uliofunika ule aliokuwa akiutafuta. Hata hivyo hakuiacha fikra yake, akasema kwamba kati ya Dover na Calais, penye maji mengi ya chumvi yanayokwenda na kurudi, nguvu hiyo lazima ipo. Mwaka 1851 mkongo wa telegrafu ukapitishwa kati ya Uingereza na Ufaransa, na kweli kupwa na kujaa kwa maji kukaonekana kwenye waya. Faraday alikuwa bado hai.

Matumizi makubwa ya fikra hiyo yamekuwa kati ya Florida na Bahama. Kuanzia mwaka 1982 volti kwenye mikongo ya simu inayovuka mlangobahari ule ilitumika kupima Mkondo wa Florida, hata baada ya simu zenyewe kuachana na mikongo hiyo. Maji yanayopita hapo yanakaribia mita za ujazo milioni 32 kwa sekunde. Chukua Mto Kongo wote, uuzidishe mara mia saba, na bado hujafika. Mkondo huo ndio mwanzo wa joto linalosafirishwa kwenda kaskazini ya Atlantiki, na watu wanaohofia mabadiliko ya tabianchi huutazama kama daktari anavyotazama mapigo ya moyo. Kwa muda ilionekana kana kwamba unapungua taratibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na sumaku ya dunia, ambayo yenyewe imekuwa ikibadilika polepole. Hesabu ziliposahihishwa, mkondo ukaonekana kuwa umetulia kwa miaka arobaini. Napenda habari hii kwa sababu moja: lisingewezekana kulijua hilo kama kumbukumbu ingekuwa ya miaka mitatu. Waya uliosahaulika, ukipimwa kila siku bila kuchoka, ulizaa kumbukumbu ndefu kiasi kwamba hata kosa lililojificha ndani yake likaweza kuonekana.

Nirudi Hawaii, maana huko ndiko fikra hii ilikofika mbali zaidi. Tangu Oktoba 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii wamekuwa wakienda karibu kila mwezi mahali panapoitwa Stesheni ALOHA, kilomita 100 kaskazini ya Oahu, kupima joto, chumvi na uhai wa maji kutoka juu hadi chini. Lakini anayetembelea mara moja kwa mwezi hukutana na bahari ya siku hiyo tu. Yanayotokea katikati yanampita. Ikatokea kwamba mkongo wa HAW-4, ule wa nyuzi za kioo ulioanza kazi mwaka 1989, nao ukastaafu, ukiwa bado kijana kwa umri wa mikongo. Mwendo wa data ulikuwa umeukimbiza. Chuo kikapewa. Ncha yake ilikatwa na kuhamishiwa ALOHA, na mwaka 2007 ikafungwa haidrofoni, yaani sikio la majini. Juni 2011 roboti mwenye jina lilelile, Jason, akateremsha seti kamili: vipima mkondo, joto na chumvi, kamera na taa zake, kwenye kina cha mita 4,728. Huko joto ni kati ya nyuzi 1 na 2, na uzito wa maji juu ya kila kitu ni zaidi ya mara mia nne na hamsini ya uzito wa hewa tunayoibeba mabegani. Data ziliendelea kufika Makaha kwa zaidi ya miaka kumi.

Nimesikiliza rekodi za haidrofoni ile. Kwanza unasikia uvumi mpana usio na mwisho, kisha masikio yanaanza kuupambanua. Upepo wa juu, karibu kilomita tano kutoka hapo, unasikika. Watafiti wamelinganisha kasi ya upepo na ukubwa wa sauti ile chini na wakapata uhusiano ulio wazi. Meli inakuja kama mngurumo usio na mwelekeo, inapita, inaondoka. Halafu ghafla kuna pigo moja fupi, na nyuma yake mtetemo wa chuma unaovutwa sekunde mbili tatu kabla ya kufa. Manowari za Marekani ziliusikia mlio huo tangu miaka ya 1950 na hakuna aliyejua ni wa nani. Mwaka 2002 ndipo wanabayolojia karibu na Hawaii walipomkuta mwenyewe: nyangumi wa minke, mdogo kwa kulinganisha na wenzake, mwenye haya, ambaye ni nadra kuonekana juu ya maji ya huko. Kwa macho ungesema hayupo. Kwenye mkongo, kila msimu wa baridi, yupo.

Huku kwetu, mafundi wa Lamu huzigeuza mbao za majahazi makuukuu kuwa meza na fremu za picha, na hakuna anayeona ni jambo la kushangaza. Mikongo bado hatujaitazama kwa jicho hilo, pengine kwa sababu hatuioni kabisa. Wala si wageni wa mikongo sisi. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa telegrafu, na waya ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kisha simu za ng'ambo zikahamia angani, na hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki yote ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya bei mbaya. Mwaka huo SEACOM ikafika Mombasa na Dar es Salaam, TEAMS ikaja Mombasa kutoka Fujairah, na mwaka uliofuata EASSy ikafuata. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, ofisi zikasimama, malipo ya simu yakasuasua, na kwa siku kadhaa kila mtu mtaani alizungumzia mkongo wa baharini. Ulipotengenezwa tukausahau.

Bahari yetu ina haja ya kusikilizwa kuliko Pasifiki. Desemba 26, 2004, tetemeko la Sumatra lilituma tsunami iliyochukua zaidi ya saa saba kufika kwetu. Wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na hata kipimo kimoja cha kilindini cha kutoa tahadhari ya tsunami. Vyote vilikuwa Pasifiki. Kenya ilizipata habari za Asia kupitia vyombo vya habari na polisi wakawaondoa watu ufukweni. Dar es Salaam kulikuwa na watu waliokuwa wakiogelea, na wengine hawakurudi nyumbani. Somalia iliumia zaidi kuliko sote. Saa saba ni muda mrefu. Unatosha kumpigia simu kila mwenye hoteli, kila diko, kila kijiji cha wavuvi kutoka Kiunga hadi Mtwara, iwapo yupo mwenye habari ya kuwapa.

Na si Sumatra ya mbali tu. Mei 2018 ardhi ilianza kutikisika Mayotte, kwa ndugu zetu wa Komoro ambao lugha yao ukiisikia unaelewa nusu yake. Ikatikisika wiki, ikatikisika miezi. Watu walilala nje wakiogopa kuta. Novemba 11 mwaka huohuo mvumo wa ajabu, mzito na wa polepole, ulinaswa na vipima tetemeko ulimwenguni, na vya Kenya na Ethiopia vikiwemo, na wataalamu wakabaki wakiulizana. Vipimo vya sakafu ya bahari viliteremshwa huko Februari 2019, miezi tisa baada ya mtikisiko wa kwanza. Mei 2019 meli ya utafiti ya Ufaransa ikaukuta mlima wa volkano usiokuwapo kwenye ramani, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, umesimama mita 820 kutoka kwenye sakafu iliyo kina cha mita 3,500. Sasa unaitwa Fani Maoré. Mlima mzima ulizaliwa katika bahari yetu na tulikuwa viziwi. Na katika maji hayohayo, tangu mwaka 2012, umelala mkongo wa LION2 unaoiunganisha Mayotte na Mombasa.

Mikongo hujengwa kwa makadirio ya miaka 25, na mara nyingi biashara huichoka kabla haijachakaa. Kwa hiyo mikongo yetu ya kwanza ya intaneti itaanza kustaafu katikati ya miaka ya 2030, si mbali kutoka leo. Zipo njia tatu mbele yake. Inaweza kuachwa ilipo. Inaweza kung'olewa kwa ajili ya shaba, chuma na polithini, kazi ambayo kampuni ya Mertech Marine ya Afrika Kusini imeifanya kwa miaka mingi, na sina ubaya nayo, maana takataka zikipungua baharini ni heri. Au kipande kilichopo mahali panapofaa kinaweza kupewa vyuo vikuu na mamlaka za hali ya hewa. Njia ya tatu haiji yenyewe. Anayemiliki mkongo ni mkusanyiko wa makampuni mengi yenye wanasheria wengi, na swali likiulizwa siku ya kustaafu litakuwa limechelewa. Linapaswa kuandikwa kwenye leseni za kutua pwani zinapohuishwa. Ureno imekwenda mbele zaidi: mkongo wake mpya wa kuunganisha bara na Azori na Madeira umeamuliwa uwekwe vipimo vya tetemeko, kina na joto tangu kiwandani. Kwa mikongo yetu mipya hilo ndilo la kudai. Kwa iliyopo tayari, tudai urithi wake.

Sisemi ni rahisi. Mkongo wa simu unapita pale biashara ilipotaka, wala si pale sayansi inapoutaka, ndiyo maana ncha ya HAW-4 ilibidi ihamishwe. Kuinua ncha kunahitaji meli maalumu na hali nzuri ya bahari, na mtu anayejua kusoma michoro ya miaka ishirini iliyopita. Lakini hasara ya kweli huanzia nchi kavu. Mkongo unaweza kusubiri kilindini miaka mingi bila kulalamika. Kinachoondoka haraka ni chumba cha pwani: mtambo wa kulisha umeme unauzwa vyuma chakavu, jengo linapewa mpangaji mwingine, michoro inatupwa wakati wa kuhama, na fundi aliyeujua mkongo ule kuanzia ripita ya kwanza anastaafu siku moja nao. Makaha mtambo ulibaki, mlango ukabaki, na watu waliojua kuuwasha wakabaki, ndiyo maana 1998 iliwezekana, na 2011 ikawezekana tena. Kwa hiyo wa kuanza nao ni mafundi wa vituo vya Mombasa na Dar es Salaam, wakiwa bado kazini, na michoro yao ikiwa bado kabatini.